Dawa Iliyosingiziwa

Vijana wa idara ya mifugo wameniomba niwaandikie habari za kazi kabla sijasahau. Nimewaambia kusahau nimeshaanza, kwa hiyo watapata yale tu yaliyogoma kutoka kichwani. Vyeo sitavitaja, kwa sababu havikumponyesha ng'ombe hata mmoja.

Nimezaliwa Ikombe, mbele ya Lyulilo ukifuata ufuko wa ziwa, kwenye watu wa samaki na vyungu. Baba alikuwa anavua, mama anafinyanga, na ng'ombe kwetu alikuwa mnyama wa watu wengine. Tulimwona wakati wa Krismasi akiwa tayari amekatwa vipande. Siku nilipopata nafasi ya chuo cha mifugo, mama aliweka udongo chini, akanitazama, akasema, "Wana pembe, unajua?" Nikamjibu kwamba najua. Kusema kweli nilikuwa sijawahi kumgusa ng'ombe.

Siku ya kwanza Kyela nilipokelewa na Bwana Kayuni, mkuu wangu wa kazi, mtu mrefu na mkimya kutoka Ileje, ambaye masika yote alivaa mabuti ya mpira, hata kanisani. Nilikuwa nimepiga pasi koti langu jeupe. Hakuniuliza cheti. Alinipeleka moja kwa moja machinjioni, akaomba tumbo la nne la ng'ombe aliyechinjwa asubuhi ile, akalipasua kwa kisu na kulisuuza taratibu kwa maji ya kopo.

"Angalia," alisema.

"Sioni kitu."

"Angalia tena."

Ndipo nikaona nyuzi nyembamba nyekundu zikijikunja kwenye utando wa tumbo, nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu. Kila uzi ulikuwa mnyoo, na wekundu ule ulikuwa damu ya ng'ombe. Bwana Kayuni alisuuza kisu, akasema, "Hii ndiyo itakayokulisha mpaka ustaafu." Jioni nilimwandikia mama kwamba kazi imeanza vizuri. Habari za tumbo sikumwandikia.

Mambo mengi ninayoyajua alinifundisha yeye. Mdomo wa ng'ombe unainuliwa kidogo tu wakati wa kumnywesha dawa, maana ukiuinua sana dawa inakwenda mapafuni, na ng'ombe anakufa kwa mkono wako, si kwa minyoo. Kope ya chini ya jicho unaivuta kwa kidole gumba: ndani ikiwa nyekundu, endelea na safari, ikiwa nyeupe kama karatasi, damu imekwisha. Uvimbe laini chini ya taya maana yake umechelewa, ila jaribu. Uzito usiukisie kwa macho, zungusha utepe kifuani nyuma ya miguu ya mbele, usome. Nikiwa nazungusha utepe kwa mara ya kwanza, ng'ombe alinikanyaga kidole cha mguu. Bwana Kayuni alisubiri mpaka nimalize kulia, kisha akauliza, "Umesoma ngapi?"

Kifaa nilichokipenda kuliko vyote ni hadubini ya ofisi, ya zamani, isiyotumia umeme. Ilikuwa na kioo kidogo chini cha kunasa mwanga wa jua, kwa hiyo mawingu yakitanda tulikunywa chai na kungoja. Ukitaka kujua kama ng'ombe ana minyoo, unachukua kinyesi chake kikiwa bado ndani, kwa mkono, unakikoroga kwenye maji yaliyokolea chumvi, unachuja, na mayai ya minyoo yanaelea juu ambako unayachota na kuyatazama. Kazi ya mkono haikunisumbua. Mtoto wa mfinyanzi haogopi kitu laini. Chujio la chai la nyumbani nilikuwa nalihamishia kazini mara kwa mara, na mume wangu, Mungu amjalie subira zaidi, aliishia kununua mengine na kuyaficha.

Miaka ile dawa nyeupe ya minyoo ilikuwa kama muujiza. Unamnywesha ndama mwenye tumbo kama ngoma na manyoya yaliyosimama, na baada ya muda mfupi anang'aa na kurukaruka. Watu waliiita "ile nyeupe" tu, na kila muuza duka alijua wanataka nini. Bwana Kayuni ndiye aliyeanza kuitilia mashaka. Siku moja, karibu na kustaafu kwake, alisimama kwenye zizi moja akitazama ndama walionyweshwa muda si mrefu uliopita, wengine bado wanaharisha. "Hawa wangekuwa wamepona," alisema. Alirudia maneno hayo njiani, kisha akastaafu, akarudi Ileje, na mimi nikabaki na hadubini.

Kesi ninayotaka kuwasimulia ilitokea Katumba Songwe, miaka mingi baada ya hapo, masika ilipokuwa inaishia na maji ya mto yameanza kurudi nyuma na kuacha majani mabichi yanayovutia macho ya kila mfugaji. Mzee Asajile alikuwa na zizi linaloheshimika pale. Alikuwa mtu wa mpunga na migomba, mzee wa kanisa, na sauti yake ilisikika hata akinong'ona. Mwanawe Ipyana alikuwa amechumbia, na ng'ombe wa mahari walikuwa tayari wamechaguliwa ndani ya zizi hilo. Ghafla wakaanza kukonda. Mzee akanunua ile nyeupe, akawanywesha. Wakazidi kukonda. Akanunua tena. Ndama wakaanza kufa, na kwa majirani zake hali ikawa hiyohiyo.

Dawa wote walinunua kwenye duka moja, Kasumulu mpakani, kwa Mama Lusajo. Alikuwa mjane kijana, amesomea kazi ya dawa za mifugo, na duka lake lilikuwa safi kuliko ofisi yangu. Maneno yakaanza: anauza dawa feki, anachanganya na unga wa muhogo, anavushiwa kwa magendo kutoka ng'ambo ya mto. Siku niliyopigiwa simu nilikuta Mzee Asajile na wenzake wameshaweka kufuli lao juu ya kufuli lake. Mama Lusajo alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha duka la jirani, mikono mapajani.

Nikamsalimia mzee kwa heshima, kwa lugha yake. "Mugonile, tata."

"Ndaga," alijibu kwa mkato. "Mama Mifugo, umechelewa. Huyu ameshatumaliza."

"Mmejuaje kwamba dawa ni feki?"

"Ng'ombe wanakufa! Unataka nijue vipi tena?"

Mama Lusajo aliinua uso. "Baba, dawa hiyo nainunua mjini na stakabadhi ninazo. Ningekuwa natafuta kuua ng'ombe wenu, kesho ningemuuzia nani?"

"Usinijibu," mzee alisema. Kisha akanigeukia. "Mwanangu anaoa. Nitakwenda kwa wakwe na ngozi?"

Nilizitazama chupa alizokuwa ameuza Mama Lusajo. Vifuniko vilikuwa vizima na muda wa matumizi ulikuwa haujaisha, lakini macho hayapimi dawa. Nikawaambia wazee wanipe nafasi nipime mbele yao. Tutagawa ng'ombe wa Mzee Asajile makundi mawili. Kundi moja litakunywa dawa ya Mama Lusajo kutoka chupa zilizokwisha kununuliwa, jingine dawa ya jina hilohilo nitakayoinunua mwenyewe Mbeya. Baada ya wiki mbili tutatazama kinyesi. Kama kundi la Mama Lusajo peke yake ndilo litakalobaki na minyoo, mimi mwenyewe nitamshtaki.

"Na kufuli?" aliuliza Mama Lusajo.

"Kufuli linabaki," alisema mzee, akautia ufunguo kwenye mfuko wa shati.

Siku ya kunywesha, zizi lilijaa watu kama kwenye harusi. Nilichukua kinyesi kwanza, nikaweka hadubini juu ya meza ya chakula ya mzee, nikanasa jua, nikamwita atazame. Aliinama, jicho moja amelifumba. "Naona kama punje za mpunga," alisema.

"Ndiyo mayai ya minyoo, baba."

Kisha tukapima kila ng'ombe kwa utepe na kumnywesha kadiri ya uzito wake. Mzee alikuwa ananifuata nyuma. Chupa ya kwanza ilipokwisha alishtuka. "Umeimaliza kwa ng'ombe wachache hivi?"

"Ndivyo ilivyoandikwa hapa ubavuni."

Nilimwona tu akiigeuzageuza ile chupa tupu.

Mtamba mmoja mweupe, Sabuni, nilimtoa kwenye makundi. Alikuwa na uvimbe chini ya taya na kope zake zilikuwa nyeupe. Nilimpa dawa ya ukoo mwingine kabisa, inayoua minyoo kwa njia tofauti na ile nyeupe, nikamwambia Ipyana amkatie majani na kumpelekea maji palepale alipolala. Nilimweleza mzee kwamba minyoo inaweza kutoka na ng'ombe bado akafa, kwa kuwa dawa hairudishi damu. Sabuni alikufa kabla ya juma kwisha. Nilikwenda. Alikuwa mmoja wa wale wa mahari, na mama yake Ipyana alikuwa amekaa karibu naye akifukuza nzi, ingawa hakukuwa na haja tena.

Nilimwomba mzee ruhusa ya kumpasua. Tumbo la nne lilikuwa karibu safi, lakini moyo na misuli vilikuwa vimepauka kama nyama iliyochemshwa. Nilimwonyesha, naye akatazama pembeni.

"Hata dawa yako imeshindwa," alisema. "Au wewe na yule wa Kasumulu ni kitu kimoja? Nasikia mnasali pamoja."

Tulikuwa tunasali pamoja, ni kweli, pamoja na nusu ya wilaya. Niliendesha pikipiki mpaka nyumbani, nikanawa, nikakaa nyuma ya nyumba. Nilichoogopa kilikuwa kitu kimoja: kama watu wangeacha kuniamini, siku nitakayowaambia jambo la maana zaidi wangenisikiliza kwa adabu tu.

Wiki mbili zilipotimia meza ikatolewa tena uani. Nilitazama kundi la Mama Lusajo: mayai yamejaa. Nikasikia mnong'ono unapita nyuma yangu. Nikatazama kundi la dawa ya Mbeya, nikainuka, nikamwachia mzee nafasi. Aliinama muda mrefu.

"Hizi punje ni za kundi gani?"

"La dawa ya Mbeya, baba."

Nikadhani tumemaliza. Ndipo jirani mmoja akasema kutoka nyuma, "Basi na ya Mbeya ni feki," na watu wakaitikia. Vijana wangu, nataka mlikumbuke hili: jirani yule hakuwa mjinga. Jibu langu lilikuwa halijakamilika. Kama dawa mbili zimeshindwa, bado hujaonyesha kosa liko kwenye dawa au kwenye minyoo.

Nilifikiri, kisha nikamwambia mzee, "Tutafute minyoo ambayo haijawahi kuiona dawa hii. Tuinyweshe chupa hiihii. Ikifa, dawa ni nzima."

"Itapatikana wapi?"

"Matema. Mjomba wangu ana ng'ombe chini ya migomba, na hajanunua dawa tangu azaliwe. Ni mbahili."

Mzee alikubali kwa sharti moja: chupa ataishika yeye, tangu kwenye duka mpaka kwenye mdomo wa ndama. Tukaenda Kasumulu, akafungua kufuli lake, Mama Lusajo akafungua lake. Mzee akachagua chupa mwenyewe, kutoka nyuma kabisa ya rafu. Kisha akafunga tena. Mama Lusajo alimtazama akifunga, akaniambia mimi, si yeye, "Chanjo za kuku kwenye friji zimeshaharibika, dada. Umeme ulikwisha, zote ni za kutupa."

Kesho yake tulipita Ipinda kwa pikipiki, mimi naendesha, mzee wa kanisa amekaa nyuma amekumbatia chupa kama mtoto mchanga. Njiani watu waliomfahamu walimsalimia, naye akaitikia kwa heshima zote, bila kupunga mkono.

Mjomba alitupokea kwa samaki na maneno mengi. Nilichukua kinyesi cha ndama wake, mzee akaziona punje zake. Tukapima, tukanywesha, chupa ilikuwa mkononi mwake hadi tone la mwisho. Baada ya wiki mbili tulirudi. Niliweka hadubini juu ya mtumbwi uliopinduliwa ufukweni, mahali penye jua. Nilitazama kioo cha kwanza chenye maji ya kinyesi, cha pili, vyote, halafu nikampisha.

"Huyu hapa!" alisema kwa haraka. "Mmoja, mweusi, wa mviringo."

"Hicho ni kipovu cha hewa, baba."

Alitazama tena. Akasogeza kioo mwenyewe kwa kidole, kama nilivyokuwa nafanya. Mjomba alikuwa anachoma samaki, harufu inatufikia, lakini mzee hakuinuka. Hatimaye alisema, taratibu, "Hamna kitu."

"Hamna."

"Kwa hiyo dawa ni nzima."

"Ni nzima. Minyoo ya kwako ndiyo iliyoizoea."

Wakati wa kurudi alinigusa bega tulipofika Ipinda, akaniomba nisimame. Tulikaa kando ya barabara. Akasema, "Mama Mifugo, chupa moja nilikuwa nawagawia wote. Na wa jirani. Ikikaribia kwisha naongeza maji kidogo, ifike." Nikamweleza kwamba katika minyoo mingi huwa ipo michache inayovumilia dawa. Ukinywesha kidogo, inakufa ile dhaifu na kubaki hiyo sugu, nayo inazaa peke yake. Ukirudia dawa ileile mwaka hadi mwaka, zizi zima linakuwa la watoto wa hiyo sugu, na hata ukija kutoa kipimo sahihi umeshachelewa.

"Yaani tumeifuga wenyewe."

"Pamoja na ng'ombe, baba."

Alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu nimfahamu, kisha uso ukabadilika. "Na mtoto wa watu nimemfungia duka."

Alitaka tupitie Kasumulu siku hiyohiyo. Alifungua kufuli lake mbele ya watu wa sokoni, akalitia mfukoni, akasema kwa ile sauti yake, "Dawa ya huyu mama ni nzima. Nimeona kwa macho yangu. Aliyekosea ni mimi." Mama Lusajo alichukua ufagio, akaingia ndani, akaanza kufagia vumbi kuelekea mlangoni, na mzee akalazimika kusogea.

Kazi ya zizi ilichukua muda mrefu zaidi ya maneno haya. Tulibadilisha ukoo wa dawa, tukapima kila mmoja kwa utepe. Ndama tuliwatoa kwenye majani mabichi ya mtoni, tukawapeleka kwenye mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, ambako ng'ombe walikuwa hawajachungwa msimu mzima. Waliokuwa na afya hatukuwanywesha. Hilo lilimuuma mzee kuliko yote, kumpita ng'ombe bila kumpa chochote, na ilibidi nimweleze mara nyingi kwamba minyoo ya hao wazima ndiyo bado inayosikia dawa, tunataka iendelee kuzaa ipate kuchanganyika na ile sugu. "Sasa tunaifuga kwa makusudi," alisema. Nikakubali kwamba ndivyo. Ng'ombe mpya akinunuliwa, alikaa pembeni mpaka nimtazame. Wapo waliokufa kabla mambo hayajatulia. Wakwe walikubali mahari ipelekwe kidogokidogo, na Ipyana alioa baada ya mavuno yaliyofuata.

Kasumulu watu walirudi dukani polepole, na wengine hawakurudi. Nilikuwa napita pale kila nilipokuwa na safari ya mpakani. Mama Lusajo alikuwa ametundika utepe wa kupimia kifua ukutani, na mtu akiomba ile nyeupe alikuwa anamuuliza kwanza ng'ombe ana uzito gani na mara ya mwisho alikunywa nini. Wasiojua aliwarudisha nyumbani na utepe wa kuazima. Ni biashara ya ajabu, kuwarudisha wateja, lakini alikuwa ameamua.

Siku moja nilikuwa ndani nazungumza naye, duka limejaa, Mzee Asajile akaingia. Tangu ile siku ya kufuli alikuwa anamtuma Ipyana. Alivua kofia, akapita katikati ya watu mpaka mbele, kama alivyozoea kupita kila mahali.

"Mwanangu," alimwambia, "nimekuja mwenyewe. Nilikukosea. Naomba unisamehe, halafu uniuzie dawa. Uzito nimeandika hapa."

Mama Lusajo alimaliza kumfungia mteja aliyekuwa naye. Akafuta mikono.

"Nimekusamehe, baba," alisema. "Ila hawa wamekutangulia."

Mzee aliwatazama watu, akatazama mlango. Kisha akarudi nyuma, akakaa juu ya gunia la pumba, kofia magotini, akasubiri zamu yake.